Arobaini na Mmoja Walio Likizoni

Nchi hii haimo kwenye ramani, na wenyewe wanashikilia kuwa kosa ni la ramani. Inaitwa Jamhuri ya Raha. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri thelathini na wanane, na ina Kiongozi mmoja tu ambaye jina lake halitajwi ovyo. Huitwa Mtukufu Mlezi, na picha yake hutundikwa hata vyooni ili raia asijisikie mpweke.

Mambo yenyewe yalianza siku Jamhuri ilipomzika mama mkwe wa Mtukufu Mlezi. Yalikuwa mazishi ya fahari. Mizinga ilipigwa, njiwa mia mbili wakafunguliwa wapae mbinguni, nao wakatembea kwa miguu hadi kwenye meza ya wageni wakaanza kudonoa korosho. Wananchi laki moja walipangwa kandokando ya barabara, kila mmoja na leso nyeupe aliyogawiwa na Wizara ya Furaha na Mwelekeo. Wakasimama kutwa nzima na leso zao. Hakuna aliyelia. Runinga za nje zilionyesha kilomita kumi na mbili za macho makavu. Alionekana mtu mmoja tu mwenye chozi, akavishwa nishani papo hapo. Baadaye iligundulika kuwa alikuwa amepiga miayo, lakini nishani ya Jamhuri ikishabandikwa haibanduliwi.

Waziri wa Furaha na Mwelekeo, Mheshimiwa Pamfili Lugongo, alisimama Bungeni siku ya tatu, akavuta koti lake mbele likafunika tumbo, likarudi.

"Waheshimiwa," alisema, "machozi ni rasilimali! Tunayo mito, tunayo madini, tunayo macho milioni ishirini na nne, ukiondoa ya watoto wachanga ambayo hulia bila kufuata sera. Yako wapi machozi yetu? Nani ameyakalia?"

Wabunge walipiga meza kwa muda mrefu. Wiki hiyohiyo likaja jibu, tena baya kuliko swali. Katika mji wa Mawetatu, nyuma ya soko la mitumba, palikuwa na banda la video ambamo watu walilia kila siku saa kumi alasiri. Walilia mpaka wengine wakashikwa mkono kutoka nje. Na waliyemlilia hakuwa mama mkwe wa mtu yeyote serikalini. Walimlilia mwanamke wa Kizungu kwenye sinema.

"Wanapeleka machozi ya taifa ng'ambo!" Waziri alifoka. Ikaundwa Tume.

*

Banda lilikuwa la Sikudhani Mwatebela, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, mwenye sauti pana kuliko kifua chake. Mumewe, Yoramu Kapesa, fundi wa taa, ndiye aliyelijenga kwa mabati yaliyotumika na mabenchi ya kanisa lililohama. Yoramu alivuta umeme, Sikudhani akashika kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya runinga na kuwatafsiria watazamaji maneno ya wageni. Lugha za wageni hakujua hata moja. Hilo halikumsumbua yeye wala watazamaji. Alitazama mdomo wa mtu, macho yake na jinsi alivyoshika kikombe, kisha akasema kile mtu huyo alichokuwa anasema. Watu walimwamini kuliko walivyoamini taarifa ya habari, ingawa kusema kweli hicho si kipimo kikubwa.

Kisha likaja Handaki.

Mtukufu Mlezi alitaka kupita chini ya Mlima Kidole kwa sababu barabara ya juu ilimpitisha karibu na watu. Vijana na wanaume wa Mawetatu wakapata kazi, na Yoramu akachukuliwa kufunga taa. Siku moja kabla ya uzinduzi, mlima ukakaa chini. Watu arobaini na mmoja walikuwa ndani.

Jioni ile Wizara ilitoa tamko. Ilieleza kwamba Handaki lilikuwa bado halijazinduliwa, na kitu cha serikali ambacho hakijazinduliwa hakipo. Kwa kuwa hakipo, mtu hawezi kufia ndani yake. Hivyo basi hakuna aliyekufa, na wafanyakazi arobaini na mmoja ambao hawakurudi nyumbani wamepewa likizo ndefu kwa kuthamini bidii yao. Wake zao walitakiwa kuwa na subira. Kutandika mikeka ya matanga kungekuwa uchochezi, kwa maana kungeashiria kifo, na kifo hakikuwepo.

Polisi walipita nyumba kwa nyumba wakikunja mikeka.

Sikudhani alikaa na jambo hilo miezi sita. Watu walipomwamkia sokoni waliuliza, "Bwana hajambo huko likizo?" naye alijibu, "Hajambo," kwa sababu nyuma ya muulizaji hakukosekana mtu aliyesimama bila kununua kitu.

Alasiri moja akaweka sinema mpya aliyoipata kwenye fungu la mtumba. Ilikuwa ya kijivu, nchi ya baridi, lugha kama ya mtu anayegugumia maji. Kulikuwa na mwanamke aliyekaa dirishani. Kila siku aliandaa meza, akafuta vumbi, akatazama barabarani, na fidla ikalia. Katikati palikuwa na kituo cha garimoshi na wanaume wengi waliopanda na mizigo yao. Sikudhani alianza kutafsiri kama kawaida yake. Mwanamke akafungua dirisha, akasema neno refu, na kabla Sikudhani hajajizuia kinywa kikasema:

"Yoramu, chakula kinapoa. Waliosema uko likizo hawajaniambia ni likizo gani hiyo mtu anaacha viatu vyake vya kwendea kanisani."

Waliokuwa wakitafuna karanga waliacha. Kisha kutoka benchi la nyuma, Bi Asteria Malugu, muuza ndizi, ambaye mwanawe Kenethi alikuwa kwenye genge la wachimbaji, akauliza kwa sauti ndogo:

"Dada Siku, na Kenethi wangu yumo humo?"

Sikudhani alitazama runinga. Garimoshi lilikuwa linajaa.

"Yumo, mama. Ni yule mwenye kofia, anayekimbilia behewa la pili. Anasema, mwambieni mama nimekula."

Bi Asteria akajifunika kanga usoni, akalia. Akalia kilio cha miezi sita. Jirani yake akasema, "Na Saidi Mkope?" Mwingine akasema, "Na baba yake Tuzo?" Sikudhani akawatafuta wote, akawapata wote, mmoja mmoja, wakipanda garimoshi la nchi ya baridi, na kila mmoja akapewa la kusema. Siku ya pili banda lilijaa saa nane. Siku ya tatu watu walisimama nje wakisikiliza kupitia mabati. Polisi aliyetumwa kusikiliza alisikia sinema ya Kizungu. Hakukuwa na sheria inayokataza mtu kulia kwenye sinema, kwa kuwa hakuna aliyefikiri ingehitajika.

*

Tume ya Kuchunguza Mwelekeo wa Machozi ilifika na magari tisa. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Ndelwa, bingwa wa elimu ya furaha, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosomea. Walibeba vichupa vya kukingia machozi, vyenye mihuri, na mizani ndogo ya dhahabu.

Kwanza waliitazama ile sinema wenyewe, bila Sikudhani. Wakapiga miayo. Mjumbe mmoja alikoroma. Vichupa vilibaki vikavu. Siku iliyofuata wakakaa na watu saa kumi alasiri, Sikudhani akashika kipaza sauti, na kufika nusu ya sinema vichupa vikaisha. Ikabidi Tume ikingie kwenye kofia za madereva. Profesa Ndelwa alionekana akifuta miwani ya kutosomea, muda mrefu kuliko inavyochafuka.

Wakamwita Sikudhani kwenye shule ya msingi, wakamkalisha kwenye dawati la mtoto, magoti kidevuni.

"Mama," Profesa alianza, "huyo Yoramu ni nani?"

"Ni mume wa yule mwanamke wa dirishani, Profesa."

"Si jina la huko kwao."

"Sijui majina ya kwao. Nimempa la kwetu apate kueleweka."

"Tuna taarifa kwamba kuna Yoramu aliyefia Handakini."

Sikudhani aliinua macho taratibu, akamtazama kama mtu aliyeambiwa habari ngeni.

"Profesa, kuna mtu amefia Handakini?"

Katibu aliacha kuandika. Wajumbe wakatazama dari, ambalo shule ile haikuwa nalo. Profesa akatoa kitambaa, akapangusa paji la uso.

"Futa swali hilo," alimwambia katibu. "Futa na jibu. Futa na mimi kuuliza."

Akachukua karatasi nyingine, yenye muhuri wa ubalozi. "Basi tuzungumzie maneno. Tumepata tafsiri rasmi ya sinema hii. Mama, hii ni sinema ya kuchekesha. Yule mwanamke anasubiri kuletewa jokofu."

"Jokofu?"

"Jokofu. Pale unaposema, 'Yoramu, chakula kinapoa,' yeye anasema, 'Fundi aliahidi Jumanne, na leo ni Alhamisi.' Garimoshi ni la watu wanaokwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Mwisho wa sinema jokofu linafika, rangi si aliyoagiza, wanacheka. Sasa nieleze kisayansi, kwa nini watu wa Mawetatu wanalilia jokofu?"

Sikudhani alifikiri. Dawati lilimbana, lakini hakujisogeza.

"Wewe uliposoma hiyo karatasi, ulilia?"

"Sikulia."

"Na juzi bandani?"

Profesa alifunika vichupa.

"Watu hawalilii sinema, Profesa," Sikudhani alisema. "Machozi wanakuja nayo kutoka nyumbani. Wengine wameyabeba mwaka mzima, wanatembea nayo sokoni, wanalala nayo, wanaogopa yasimwagike mbele ya mtu. Sinema inawapa mahali pa kukaa na giza kidogo, na jirani anayetazama mbele. Basi. Ukitaka kujua kwa nini wanalia, usiniulize mimi. Waulize wao kilichowapata."

Profesa aliandika sentensi hiyo yote kwa mkono wake. Katika ripoti iliyofika Wizarani ilikuwa imefupishwa ikawa: *Tatizo ni sauti ya mama huyu.*

*

Waziri Lugongo hakuliona hilo kama tatizo. Aliliona kama mgodi. Sauti ya Sikudhani ikatangazwa kuwa mali ya umma, na akaitwa mji mkuu.

"Mama, hongera, umetaifishwa," Waziri alimwambia akimpa mkono. "Jumamosi ya wiki ijayo ni jubilei ya Mtukufu Mlezi. Tutaonyesha sinema ya maisha yake katika Uwanja wa Shukrani, mbele ya mabalozi. Wewe utasimulia. Ninataka watu elfu themanini walie. Walie kwa mpangilio, jukwaa baada ya jukwaa."

"Walie nini, Mheshimiwa?"

"Yako mengi ya kuliza! Dakika ya kumi Mtukufu, akiwa mtoto, anapoteza kiatu."

"Anakipata?"

"Anapata viwili zaidi. Lakini hapo katikati kuna uchungu."

Sikudhani akaomba siku moja afikiri. Akajibiwa kwamba afikiri anavyotaka, ila banda lake limeshafungwa kwa kufuli la serikali, na ufunguo utategemea vichupa.

Habari zikafika Mawetatu kabla yake. Bi Asteria alimkuta stendi, hakumsalimia.

"Nimesikia utakwenda kuwaliza watu kwa ajili ya yule," alisema. "Mwanangu yuko chini ya mawe yake, na wewe unakwenda kumlilia kiatu."

"Mama Kenethi, wamenipa karatasi nisome. Nitasoma kilichomo."

"Ndiyo. Soma." Bi Asteria alitema mate pembeni. "Wasomi wote wa nchi hii husoma kilichomo."

Neno hilo lilimchoma. Alijifungia ndani akasoma ile hati ya kurasa tisini kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudia, akifuata kila mstari kwa kidole. Ukurasa wa sitini na nne, kwenye picha za Handaki kabla halijaanguka, alikuta maelekezo haya: *Hapa msimuliaji ataje, kwa sauti ya hisia, wale wote waliochangia ujenzi.* Wizara ilikusudia Waziri na makampuni rafiki. Lakini aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda semina, akasahau kuweka orodha.

Sikudhani alikaa akiutazama ule mstari, kisha akatafuta kalamu.

*

Uwanja ulijaa tangu asubuhi, kwa kuwa milango ilifungwa nyuma ya walioingia. Wamawetatu nao waliletwa kwa malori, kama mbegu ya machozi. Kiatu kilipotea dakika ya kumi kama ilivyoahidiwa. Sikudhani alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji. Hakuna aliyelia. Jukwaani Waziri alianza kutoa jasho, akamtumia kikaratasi: HISIA. Akatuma cha pili: HISIA MAMA.

Ikafika picha ya Handaki. Likaonekana pana, limeng'aa kwa taa, na Sikudhani akajua nani alizifunga.

"Hapa," alisema, na sauti ikawa ile ya alasiri, "nimeagizwa niwataje waliochangia ujenzi. Kenethi Malugu, miaka ishirini na miwili. Alichangia mikono miwili na mgongo. Alikuwa anadaiwa mahari, akisema akimaliza kazi hii ataoa."

Kutoka upande wa Mawetatu ikasikika sauti moja, ya Bi Asteria.

"Saidi Mkope. Alichangia mapafu. Benjamini Luhende, baba yake Tuzo. Alichangia kuimba, wenzake wasisikie woga. Yoramu Kapesa, fundi wa taa. Taa hizo mnazoziona ni zake. Alichangia taa, na alichangia mume wangu."

Akataja arobaini na mmoja. Alipofika wa ishirini, uwanja mzima ulikuwa unalia. Walikuwamo watu wasiojua Mawetatu iko wapi, lakini kila mmoja alikuja na wa kwake. Askari waliozunguka uwanja walitazama chini. Waziri Lugongo alikuwa amesimama, mikono juu, amejaa fahari, akimwonyesha balozi wa nchi jirani majukwaa yaliyokuwa yakitikisika kwa kwikwi.

"Umeona?" alisema. "Umeona mapenzi?"

"Ajabu," balozi alisema, akifuta macho. "Watu waliopendwa hivi! Ningependa kuwapa mkono. Wako wapi?"

"Wako likizo," Waziri alijibu, na hapo ndipo masikio yake yalipokipata kinywa chake.

*

Kumshtaki Sikudhani ilikuwa kazi kwa wanasheria wa Jamhuri. Wangesema ametangaza vifo vya uongo, wangelazimika kuwaleta wale watu wakiwa hai. Wangesema ametangaza vifo vya kweli, tamko la Wizara lingekuwa uongo, na Wizara haijawahi kusema uongo tangu ilipoacha kuchunguzwa. Walikesha kwenye vitabu mpaka Mwendesha Mashtaka Mkuu akapata njia. Hadi Jumamosi asubuhi, alieleza, watu arobaini na mmoja walikuwa hai, likizoni. Jumamosi alasiri taifa zima liliwalilia. Kwa hiyo walikufa Jumamosi, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Na saa hiyo mtu pekee aliyewagusa, kwa maneno, alikuwa mshtakiwa.

Akashtakiwa kwa kuua watu arobaini na mmoja kwa kutumia kipaza sauti. Kielelezo cha kwanza kililetwa kwenye mfuko wa plastiki.

Wakili aliyepewa na serikali alikuwa mtu mchovu aitwaye Mshindo, lakini hakuwa mbaya. Alimjia mahabusu akakaa kwenye ndoo.

"Mama, kesi hii ni ya upepo," alimwambia. "Kana. Hakuna maiti, hakuna kesi. Jaji ameshaandika hukumu ya kukuachia, nimeiona. Serikali inataka ikutishe tu, kisha ionekane ina huruma. Kesho jioni utakuwa nyumbani kwako."

"Na Yoramu?"

"Yoramu ataendelea na likizo yake."

"Na nikikubali?"

Wakili alicheka kidogo, kisha akaona kuwa hakuulizwa kwa mzaha. "Ukikubali ni maisha, mama. Na kazi ngumu."

"Sikuulizi habari zangu. Nakuuliza, nikikubali, wao wanakuwa nini?"

Mshindo aliwaza. Ilikuwa muda mrefu hajawaza sheria kwa ajili ya mtu.

"Wanakuwa marehemu," alisema polepole. "Kwa amri ya mahakama. Na marehemu ana hati ya kifo. Na mwenye hati ana haki ya kuzikwa." Akainuka kwenye ndoo. "Mama, usifanye hivyo. Hukuwaua."

"Najua nani aliwaua. Yeye hatakubali. Mtu mmoja lazima akubali."

Kesho yake mahakama ilijaa hadi madirishani. Wamawetatu walitembea siku mbili. Bi Asteria alikuwa mbele, ameshika kizimba kwa mikono miwili.

"Mshtakiwa," Jaji alisema, akiwa ameshafungua ukurasa wa kumwachia huru, "unakubali kosa au unakana?"

"Nakubali, Mheshimiwa Jaji. Niliwaua."

Kalamu ya Jaji ilianguka. "Wote?"

"Wote. Ila naomba karani awasome mmoja mmoja, nisije nikakubali nisiyemuua."

Haikuwapo sheria ya kukataa ombi hilo. Karani akasimama, akakohoa, akasoma: "Kenethi Malugu." Sikudhani akasema, "Marehemu." Bi Asteria akaachia kilio ambacho hakikuhitaji giza wala garimoshi. Jaji aliinua nyundo apige, lakini Mwendesha Mashtaka aliruka juu.

"Mheshimiwa, Jamhuri inaomba wasizuiwe! Kilio ndicho ushahidi wetu!"

Basi kwa ombi rasmi la serikali, watu wakalia. Karani alisoma, Sikudhani aliitikia "marehemu", na kila jina lilipotajwa ukoo mmoja ulisimama. Hadi akafika katikati ya orodha.

"Yohana Kapesa."

"Rudia," Sikudhani alisema. "Umelikosea."

Karani akasogeza karatasi karibu na uso. "Yoramu. Yoramu Kapesa, fundi wa taa."

"Marehemu," alisema Sikudhani, amenyooka. Ukoo wa Yoramu hapo mahakamani ulikuwa yeye peke yake. Lakini alipogeuka aliwaona wote wamesimama, benchi baada ya benchi, hata askari mmoja wa mlangoni aliyevua kofia na kuibana kwapani.

*

Alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Hati arobaini na moja za vifo zikapigwa muhuri, kwa kuwa bila hati hukumu isingesimama. Jioni hiyohiyo mikeka ilitandikwa mbele ya mahakama. Polisi walipokuja kuikunja, Bi Asteria aliwaonyesha muhuri wa Jamhuri. Waliusoma wa kwanza, wakausoma wa pili, wakapiga saluti.

Juma lililofuata koo arobaini na moja ziliandika barua moja fupi: marehemu wetu wako wapi, tuwazike. Serikali haikuweza kusema haijui, maana ilikwisha kuthibitisha vifo hivyo mahakamani, na kila mtu alijua wafu walionekana wapi mara ya mwisho. Ikaamua wafukuliwe na wafungwa, tena na yule aliyewaua, awe mfano. Sikudhani akapewa sururu na kupelekwa Mlima Kidole kwa lori. Hakuna mfungwa aliyewahi kupanda lori la kazi ngumu kwa haraka kama ile.

Walipoanza kuchimba, Wamawetatu wakatokea na majembe yao.

"Raia haruhusiwi kufanya kazi ngumu pamoja na mfungwa," sajini alisema.

"Basi nifunge," Bi Asteria alimjibu, akampita. Wa pili akasema, "Nami nifunge." Wa tatu, wa nne. Sajini alihesabu pingu alizokuwa nazo, akakuta nne, akaenda kukaa kivulini.

Siku ya tisa waliwafikia. Walikuwa wamekaa pamoja ukutani, wamesogeleana. Yoramu alijulikana kwa waya aliokuwa ameuzungusha kiganjani, kana kwamba alikuwa bado anatafuta pa kuuunga. Sikudhani aliufungua mkono ule mwenyewe, taratibu, na hakutaka msaada. Wakazikwa wote siku moja. Yeye alizika akiwa na mavazi ya mfungwa, na watu wakampisha mbele, nafasi ya mjane.

Miezi miwili baadaye Waziri Lugongo alikuja gerezani mwenyewe, amekonda, koti sasa linafunga vizuri.

"Mama, habari njema," alisema. "Mtukufu Mlezi kwa huruma yake amekupa msamaha. Weka sahihi hapa, uende nyumbani."

Sikudhani aliusoma ule waraka kama alivyozoea, mstari kwa mstari.

"Hapa imeandikwa kosa linafutwa kana kwamba halikutendeka."

"Ndivyo msamaha ulivyo, mama! Unakuwa safi!"

"Na hati?"

Waziri alipiga chafya ambayo haikuwa na mafua. "Hati... zitarekebishwa."

"Chukua karatasi yako, Mheshimiwa."

"Mama, nakusihi." Waziri aliinama, akanong'ona. "Umeona foleni hapo nje? Unajua wale ni akina nani?"

Alikuwa ameiona tangu alfajiri kupitia nondo. Walikuwa wanawake wa wilaya nyingine, wanaume wengine pia, na vikapu vyao. Wengine walitoka kwenye bwawa lililopasuka, ambalo kiserikali lilikuwa bado linajaa. Wengine walitoka kwenye wodi iliyoungua, iliyohesabiwa kuwa inakarabatiwa. Mkuu wa gereza alikuwa ameshawauliza shida yao, nao wakasema wamesikia hapa yuko mama anayekubali.

"Ukikiri na vifo vya jamaa zao," Waziri alisema, "nchi itakuwa na maiti wangapi?"

"Waliopo," Sikudhani alijibu.

Akamsukumia waraka wake mezani, akachukua kalamu ambayo Waziri alikuja nayo kwa ajili ya sahihi, akamgeukia askari wa zamu.

"Afande, mwambie wa kwanza aingie. Na mniletee karatasi za kutosha."

Akaingia bibi mmoja mfupi, vumbi hadi magotini. Alimwona Waziri akasita.

"Pita, shangazi, kaa," Sikudhani alimwambia. "Una wangapi?"

"Watatu, mwanangu."

"Taja majina yao. Usiharakishe."